Neno Nililosema Juu ya Zaituni

Laker, mwanangu,

Salamu naziruka, maana u mzima. Nimekuona kwa macho yangu mchana huu ukitoka kwenda Naguru kumuaga shangazi yako, umevaa lile koti la timu ingawa jua ni kali. Umesema utarudi kabla ya saa kumi na mbili. Nimefunga mlango, nimekaa mezani, na kila nikisikia hatua nje nafunika karatasi kwa mkono kama mtoto anayeibia mtihani.

Kesho asubuhi wewe na timu ya taifa mnakwenda Entebbe kupanda ndege, na mashindano yakiisha hutarudi hapa Nsambya. Utapitiliza hadi Dar es Salaam kwenye klabu yako mpya. Sikuandikii habari za chakula, wala pasipoti, wala dawa ya malaria. Hayo tumeyazungumza hadi umeanza kunijibu "kale, Mama", yaani sawa, kabla sijamaliza sentensi. Nakuandikia kwa sababu ya Jumapili.

Jumapili tulikuwa tunakula. Ulitusimulia mimi na baba yako mambo ya kambi ya timu, ukafika kwa Nambi, yule beki wenu mrefu. Ulisema kuna nchi mtakayokutana nayo ambayo watu wake wameanza kuulizauliza kama Nambi ni msichana kweli. Ukasema hata baadhi yenu sasa mnamwita "ssebo", yaani bwana, mkiwa mazoezini. Ukacheka. Baba yako naye akatabasamu kidogo. Mimi nikaondoka mezani nikaenda kusimama jikoni, na uliponifuata ukauliza, "Mama, nimesema nini?" nikakujibu kwamba kichwa kinaniuma.

Nilikudanganya. Kichwa kilikuwa kizima.

Hadithi yangu ya mpira unaijua nusu, ile nusu nzuri. Unajua nilizaliwa katika nyumba hizi hizi za polisi, mtoto wa sajini aliyetoka Kitgum, nikajifunza kupiga mpira kwenye uwanja wa vumbi hapo nyuma pamoja na watoto wa askari wa kila kabila, ndiyo maana Kiswahili kilitangulia mdomoni mwangu kabla ya Kiacholi. Unajua babu yako hakutaka. "Mwanamke nakimbia na kaptula mbele ya watu, hiyo iko kazi gani?" alikuwa akisema kwa Kiswahili chake cha paredi, nami nikawa naficha viatu vya mpira ndani ya gunia la mkaa. Unajua timu ya taifa ya wanawake siku zile ilivyokuwa ya kuokotezwa: jezi seti moja tu, zilizoachwa na wanaume, zikatufika magotini, kocha aliyekuwa akitufundisha baada ya kazi yake ya ualimu, na watu waliokuja kutazama mazoezi ili wacheke. Nyinyi leo mnapanda ndege, mna daktari, majina yenu yameandikwa mgongoni. Nafurahi. Sisi tulikuwa tukipewa namba tu, na namba yenyewe ilikuwa ya kugombea.

Ila Zaituni humjui. Sijawahi kumtaja katika nyumba hii, na hiyo peke yake ingekutosha kujua kwamba kuna jambo.

Zaituni alitoka Katwe. Baba yake alikuwa na karakana ya kuyeyusha aluminiamu chakavu na kumimina masufuria. Ukoo wao ulikuja zamani kutoka pwani na biashara, wakabaki, wakawa Waganda wa kuswali, na Kiswahili chake kilikuwa kisafi kuliko chetu sisi watoto wa askari. Alikuwa akitusahihisha huku anakimbia. Alikuwa mrefu, mabega mapana kwa kubeba vyuma tangu utotoni, sauti nzito, na juu ya mdomo alikuwa na vinyweleo ambavyo hakujali kuvinyoa. Alipopokea mpira akiwa amelipa lango mgongo, hakuna beki aliyeweza kumsogeza. Mimi nilicheza nafasi hiyo hiyo ya mshambuliaji wa kati. Nilikuwa mwepesi, nilikuwa na akili ya mpira, kila mtu alisema. Lakini jezi namba tisa ilikuwa yake, na mimi nilikuwa wa benchi.

Usidhani nilimchukia. Nilimpenda. Alikuwa rafiki yangu wa kwanza ambaye sikuzaliwa naye uwanja mmoja. Tulikuwa tukitembea pamoja kutoka mazoezini, yeye akishuka Katwe, mimi nikipanda huku, na tulikuwa tukisimama njia panda tukiongea mpaka miguu ipoe na ianze kuuma. Mara moja alinionyesha kovu lake. Alipokuwa mdogo, chungu cha aluminiamu iliyoyeyuka kilimwagika, kikamuunguza kuanzia mgongoni na ubavuni hadi pajani. Ngozi ilikuwa imejikunja kama nailoni iliyopitiwa na pasi. Kwa sababu hiyo alikuwa akioga peke yake, wa mwisho, mlango umefungwa. Wengine walidhani anajidai, au ni mambo ya dini. Mimi peke yangu ndiye niliyejua.

Ikaja safari. Tuliitwa kwenye mashindano ya nchi za ukanda huu, ya kwanza kwa wengi wetu nje ya Uganda. Nchi iliyotupokea sitaitaja, watu wake hawana kosa. Babu yako aliposikia, aliniangalia kutoka kwenye kiti chake akasema, "Wewe nakwenda mbali yote hiyo kukaa kwa benchi?" Hakusema kwa ukali. Alicheka tu, akaendelea kung'arisha buti zake. Maneno hayo nilisafiri nayo.

Tulikwenda kwa basi siku mbili. Joto la ndani lilifanya kovu la Zaituni limuwashe mpaka akawa anauma leso. Tulipolala njiani, katika nyumba moja ya wageni, alifunga mlango akavua nguo, akaniambia, "Aber, nisaidie, mgongoni mkono haufiki." Nikampaka mafuta. Nilimpaka mwili mzima ulioungua, polepole, huku akinisimulia vichekesho ili asilie. Nakueleza hili kwa urefu, Laker, ili lisikupite. Nilikuwa nimemwona. Nilimjua kama ninavyokujua wewe niliyekuogesha.

Mechi ya kwanza tulishinda, na mabao yote yalikuwa ya Zaituni. La pili aliwaburuza mabeki wawili kama anavyoburuza gunia la vyuma. Mimi nilikuwa benchi, nimejifunika taulo, napiga makofi. Mashabiki waliokuwa nyuma yetu walianza kwa kushangilia, kisha mmoja akapiga kelele kwamba huyo ni mwanaume, wengine wakadakia, na hadi filimbi ya mwisho uwanja mzima ulikuwa ukiimba hivyo. Timu tuliyoifunga ikapeleka malalamiko.

Tulikuwa tumelazwa katika mabweni ya shule moja. Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, kiongozi wetu wa msafara aliniita kwenye ofisi ndogo ya mlezi wa bweni. Alikuwa mzee mpole, sasa ni marehemu, aliyemfahamu babu yako. Alikuwa anatoka jasho.

"Funga mlango," alisema. Nikafunga.

"Wewe na Zaituni mnalala chumba kimoja."

"Ndiyo, mzee."

"Wanasema tukimchezesha tena, na ikionekana kuna kitu, timu nzima inarudishwa nyumbani. Nzima, umesikia? Sasa niambie kama mtoto wa askari. Yule ni msichana kama nyinyi? Umewahi kumwona?"

Dirishani nilikuwa nawaona wenzangu wameanika soksi kwenye nyasi. Sikutishwa, Laker. Hakuna aliyenishika mkono. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kuvuta pumzi, nikavuta, na katika pumzi ile nilimwona babu yako akicheka na buti zake, nikaiona jezi namba tisa, nikahesabu.

Nikasema, "Sijui, mzee. Huwa anaoga peke yake."

Ni hilo tu. Kwamba anaoga peke yake ilikuwa kweli, na ukweli huo ndio ulioubeba mgongoni uongo wa lile "sijui". Mzee alifumba macho, akasema, "Basi, nenda." Miaka mingi nilijiambia kwamba sikusema ni mwanaume, nilisema sijui tu, na mtu anayesema hajui hajamshitaki mtu. Niliwahi hata kumwambia padri hivyo. Padri akaniuliza, "Lakini ulikuwa unajua?"

Jioni ile wenzangu walikwenda mazoezini. Mimi nilisema tumbo linaniuma, nikabaki kitandani.

Asubuhi wakamwambia Zaituni kwamba kuna daktari wa mashindano atamkagua, na viongozi wawili watakuwepo kushuhudia. Nilikuwa chumbani alipojibu. Hakupaza sauti. Alisema, "Mimi nina mama. Mama yangu anajua alichozaa. Wallahi sivui nguo mbele ya wanaume wa mpira." Kiongozi akamsihi, akamwambia ni dakika mbili tu. Akakataa. Akamwambia basi hatacheza. Akajibu, "Sawa." Aliponitazama mimi nilikuwa nafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

Kwa kuwa jezi zilikuwa seti moja, kila mmoja alikuwa akifua yake. Zaituni alikuwa amefua namba tisa usiku uliopita. Aliitoa kwenye kamba, akaikung'uta, akaniletea mwenyewe kitandani. "Chukua," akasema, "bado ina maji kwapani. Ukikimbia itakauka."

Nikaivaa. Nikacheza. Na nikafunga. Ile picha iliyo ukutani sebuleni, ambayo wewe umewaonyesha rafiki zako tangu darasa la kwanza, ile ambayo nimeruka na mikono iko juu na golikipa amelala chini, ni siku hiyo. Bao hilo lilitupeleka mechi iliyofuata, na huko tukapigwa. Babu yako aliikata picha hiyo kwenye gazeti, akaipeleka kituoni kuwaonyesha askari wenzake. Alikuwa hajawahi kujivunia kitu changu hata kimoja. Kila aliposema "mtoto yangu", mimi nilikuwa nasikia harufu ya sabuni ya jezi ile.

Tulirudi kwa basi lile lile. Zaituni alikuja kukaa nami, kiti cha dirishani. Mpakani alinunua karanga, akanigawia nusu, akaziweka kiganjani mwangu. Nikazila. Kutoka pale hadi Kampala ni saa nyingi, na nilijifanya nimelala njia nzima.

Habari ilimtangulia Katwe. Vijana wa karakana wakaanza kumwita ssebo, wakamuuliza ataoa lini. Kulikuwa na kijana aliyetaka kumuoa, seremala wa Kisenyi, wazee walishaanza kuongea. Familia ya kijana ikanyamaza tu, haikurudi. Baba yake akamkataza mpira. Yote hayo nilisikia kwa watu, kwa maana mimi sikwenda kumtazama. Nilitafuta njia nyingine ya kupanda nyumbani, ndefu zaidi, ili nisipite njia panda yetu. Timu yenyewe ikakaa muda mrefu bila kuitwa, wasichana wakaolewa, wengine wakaenda kuuza sokoni, mimi nikaingia polisi, nikampata baba yako, nikakuzaa wewe. Mpira wa wanawake ukawa kitu tulichokumbuka tukikutana msibani.

Nilikwenda Katwe mara ya kwanza ulipokuwa na miaka tisa, na ni wewe uliyenipeleka bila kujua. Pengine unakumbuka ile mechi ya shule kule Naguru, uliponyolewa kipara kwa sababu ya mapunye. Ulipofunga bao la tatu, mama mmoja wa watoto wa upande ule akaingia uwanjani akapiga kelele, "Huyo mvulana atolewe! Vua kaptula yake tuone!" Unakumbuka nilivyomfuata. Walimu wawili walinishika. Ulisema njiani kwamba hujawahi kuniona hivyo, na ulikuwa umefurahi, ukaninunulia barafu kwa hela yako. Yule mama nilikuwa namjua vizuri sana. Alikuwa amesema kwa sauti kile nilichosema mimi kwa adabu, mlango umefungwa.

Wiki ile nikanunua sukari kilo mbili, nikashuka Katwe. Karakana ilikuwa ya Zaituni sasa, baba yake amefariki. Alikuwa ameinama anachomelea nondo za dirisha, kofia ya chuma usoni. Alipoivua, nywele zimeanza mvi pembeni. Akanitambua papo hapo.

"Aber. Karibu. Kaa pale, cheche zisikufikie."

Sikukaa. Nikamwambia nikiwa nimesimama, na sukari mkononi, kila kitu: ofisi, swali la mzee, jibu langu. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Nilijua."

"Ulijua tangu lini?"

"Asubuhi iliyofuata. Kabla hawajaingia chumbani mzee aliniita nje, akaniambia, hata rafiki yako wa chumbani hawezi kukutetea. Rafiki yangu wa chumbani alikuwa nani?"

"Na jezi? Ukaniletea jezi?"

"Timu ilikuwa inacheza. Ilikuwa lazima mtu aivae."

"Na karanga, Zaituni?"

Hapo ndipo alipokasirika, nikaona mishipa ya shingo. "Karanga nilikupa ili uamke! Nilikaa na wewe nikasema, atasema sasa. Tukavuka mto, nikasema, atasema sasa. Banange, Aber, mtu hawezi kulala usingizi mrefu hivyo na jua usoni."

Nililia. Aliniacha nilie. Kisha akasema maneno ambayo nimekaa nayo tangu siku hiyo: "Sikuambii yameisha, maana hayajaisha. Ungetaka nikuambie hivyo upate usingizi, siwezi. Lakini hapa kwangu umekuja ukanong'ona, na mimi nilikuwa najua. Wanaodhani ni mwanaume hawajui. Nenda kaseme kwao. Na sukari hiyo rudi nayo."

Nikarudi nayo. Tuliinywa sisi, mwanangu. Na sikwenda kusema kwa yeyote.

Ngoja nikueleze kosa la pili, ambalo kwangu ni zito kuliko la kwanza, maana la kwanza nililifanya nikiwa na umri kama wako na la pili nikiwa mtu mzima. Mwaka juzi tuliitwa uwanjani, wachezaji wa zamani, siku timu yenu ilipocheza ile mechi ya kufuzu. Ulikuwepo, ulikuwa umekaa na wenzako wa timu ya vijana. Wakatuvisha mitandio ya bendera na kusoma majina yetu, na kijana mmoja anayekusanya historia ya timu ya wanawake akatuambia anataka kuandika orodha kamili, asisahaulike mtu. Majina yakasomwa. La Zaituni halikuwemo. Niliwatazama wenzangu; Betty, golikipa wetu wa siku zile, aliangalia viatu vyake. Wote walisikia. Kisha wakanipa mimi kipaza sauti, kwa kuwa ndimi mfungaji wa bao la kwenye picha. Nikasimulia basi, nikasimulia jezi za wanaume, watu wakacheka wakapiga makofi. Wewe ulisimama, ukapiga mluzi kwa vidole viwili. Nikarudisha kipaza sauti.

Ndivyo historia inavyoandikwa, Laker. Hakuna aliyemfuta Zaituni kwa kalamu. Tulikuwa wanawake wazima tumesimama kwenye nyasi, kila mmoja akingoja mwenzake aseme.

Sasa Jumapili ukacheka. Sikulaumu kwa kicheko hicho. Umelelewa na mtu aliyeficha dawa ya kicheko hicho ndani ya nyumba. Lakini jikoni pale nilielewa kwamba nikikuacha uondoke hivi, nitakuwa nimesema "sijui" mara ya tatu.

Jumatatu nikawapigia simu wachezaji wenzangu wa zamani, wote ninaowapata. Wa kwanza alisema, "Aber, mambo ya zamani hayo, unafukua kaburi la nini?" akakata. Mwingine akaapa kwamba yeye hakuwahi kuamini uvumi ule, nikamuuliza kwa nini hakusema, akaniuliza na wewe je. Betty alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama nina namba ya Zaituni. Jumanne nikamtafuta yule kijana wa historia. Nilimwambia aandike kwamba mabao ya mechi ya kwanza ni ya Zaituni, na kwamba aliondolewa kwenye timu kwa neno la uongo, na kwamba neno hilo lilikuwa langu. Akauliza, kwa adabu, kama kweli nataka jina langu liwekwe hapo. Nikamwambia aliandike vilivyo, na herufi zake zote. Basi ukilikuta huko mbele mahali pameandikwa, au mtu akikutania nalo mkiwa ugenini, usishituke. Baba yako nilimwambia jana. Amekuwa akinipita kimya tangu asubuhi; nadhani bado anajaribu kunilinganisha na mtu aliyemuoa.

Leo, ulipokuwa kwenye mazoezi ya mwisho, nilikwenda Katwe mikono mitupu. Alikuwa anapima chuma kwa futi kamba, akaendelea kupima.

"Betty amenipigia," akasema bila kuinua kichwa. "Baada ya miaka yote hii. Alilia kwenye simu, nikawa mimi ndiye ninayembembeleza. Nyinyi watu mna kazi."

Nikamwambia kuhusu orodha. Akatikisa kichwa, sikujua ni cha kukubali au cha kuchoka. Nikamwambia kuhusu wewe, na Nambi. Hapo akaweka chuma chini.

"Mwanao anacheza nafasi gani?"

"Kiungo."

"Basi mpira unapita kwake," akasema. "Sikiliza. Jioni ile kabla hawajaniita kwa daktari, tulifanya mazoezi, wewe hukuwepo. Walikuwa wameshasikia. Hakuna aliyenitukana. Hawakunipa mpira tu. Nilikimbia tangu mwanzo hadi mwisho, niko peke yangu, nanyoosha mkono, naita majina yao, na mpira unakwenda upande wa pili. Mimi daktari wao sikumwogopa. Kilichonimaliza ni kile. Mwambie mwanao ampe yule msichana mpira."

Nikamuuliza kama ninaweza kurudi wiki ijayo. Akasema karakana iko wazi, kila mtu huingia. Sikupewa zaidi ya hapo, na sikuomba.

Basi nimekufikishia ujumbe wake kama alivyousema. Langu mimi ni fupi, na sina haki ya kulirefusha. Mimi sijui mwili wa Nambi ukoje, wala wewe, wala si kazi yetu. Inawezekana watu wenye makaratasi watamwita, na sheria zao sizielewi zote. Lakini inawezekana pia wakakuita wewe, kwa kuwa unaongea vizuri na watu wanakuamini. Watakuuliza kwa upole. Mara nyingi huuliza kwa upole. Nataka ujue mapema jinsi pumzi ile ilivyo fupi, na jinsi kitu unachokitamani kinavyojileta mbele ya macho wakati huo huo, kimependeza. Sikuambii useme nini. Ninakuambia tu kwamba mimi nimeishi ndani ya maneno machache niliyosema mchana mmoja, na ni nyumba ndogo.

Unaweza kunikasirikia. Unaweza kuona aibu kwamba umewaonyesha watu ile picha. Nimefikiria kuishusha, halafu nikaona kuishusha ni kuficha tena. Nitakuachia wewe uamue.

Nilikuwa nimekusudia kuitia barua hii kwenye begi lako, chini ya taulo, uikute ukiwa umeshafika mbali. Nimeshaikunja mara moja hivyo. Nimeikunjua. Nitakupa mkononi ukiingia tu, na nitakaa hapa kwenye kiti hiki, macho wazi, mpaka uisome yote. Ukitaka kuuliza, uliza. Ukitaka kunyamaza, nitakaa na kimya chako.

Nasikia unamsalimia jirani pale chini. Unapanda ngazi mbili mbili, kama kawaida yako. Mlango nimeufungua.

Mama yako,
Aber